Geji Tatu Katika Volkswagen ya Zamani

Msomaji, kama umepata kuketi mbele katika Volkswagen ya zamani, ile yenye umbo la kobe, bila shaka uliona ya kuwa mbele ya dereva hamna mambo mengi. Pana saa moja ya duara ionyeshayo mwendo, na ndani yake vitaa vidogo: kimoja chekundu, kimoja cha kijani, na vingine vya taa kubwa na vya kupindia. Basi. Zile za kabla ya miaka ya 1960 hazikuwa hata na geji ya petroli. Injini ilipoanza kukohoa, dereva alisukuma kilindo kidogo kwa ncha ya kiatu, akafungua petroli ya akiba, kisha akaomba kituo cha petroli kisiwe mbali.

Gari hili lilibuniwa na Ferdinand Porsche katika miaka ya 1930, likakusudiwa liwe la bei ndogo kwa watu wa kawaida wa Ujerumani. Lilianza kutolewa kwa wingi mjini Wolfsburg baada ya vita kwisha mwaka 1945, na la mwisho kabisa lilitoka kiwandani Puebla, nchi ya Meksiko, tarehe 30 Julai 2003. Jumla yake ni magari 21,529,464. Wajerumani hulitania kwa jina la Käfer, maana yake dundu. Huku Afrika ya Mashariki lilipata sifa katika mashindano ya Safari, ambayo yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Volkswagen ilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Yaliyobaki sasa si mengi, na wenye nayo huyatunza kama mtu atunzavyo ng'ombe wa urithi.

Swali langu ni hili. Je, yafaa kuliongezea gari kama hilo geji za injini ambazo wenye kiwanda hawakuziweka? Na kama yafaa, ni zipi, na zifungwe namna gani? Mimi naona yafaa, walakini si zote ziuzwazo madukani, wala si kwa sababu ya kupamba dashibodi.

Kwanza hatuna budi kujua injini yenyewe inavyopozwa, maana mtu asiyejua hilo hawezi kujua apime nini. Injini ya Volkswagen iko nyuma, na silinda zake nne zimelala chali, mbili kushoto na mbili kulia. Haina rediyeta ya maji, wala maji yenyewe hayamo. Silinda zina mapezi mengi membamba kama ya samaki, na feni kubwa iliyo ndani ya kasha la bati huvuta hewa na kuishusha kwa nguvu katikati ya mapezi hayo. Feni hiyo imefungwa katika ncha ya ekseli ya jenereta, na jenereta inazungushwa na mkanda mmoja utokao kwenye puli ya injini. Mkanda huo ukikatika, vitu viwili vinasimama mara moja: umeme na upepo.

Kazi nyingine ya kupoza hufanywa na oili. Oili yote iliyomo ni lita 2.5 tu, na chujio lake ni wavu wa waya. Filta ya karatasi kama ya magari ya siku hizi hamna. Pampu huipeleka oili hiyo kidogo kwenye beringi za krenkshafti na sehemu nyinginezo, nayo ikiwa ya moto hupita katika kipozaji kidogo kilichosimama ndani ya kasha la feni. Kwa hiyo oili ya Volkswagen ina kazi mbili, kulainisha na kubeba joto, na kiasi chake ni kidogo. Ikizidi joto huwa nyepesi kama maji, na ikiwa nyepesi presha yake hushuka.

Sasa tutazame wale vitaa wawili wanasema nini.

Kitaa chekundu watu wengi hudhani ni habari ya betri tu. Katika gari jingine dereva akikiona aweza kujikaza hata mjini, maana betri ina akiba. Katika Volkswagen kinaweza kuwa na maana kwamba mkanda umekatika na feni imesimama, na injini isiyo na upepo haichukui muda mrefu kuungua. Dereva na asimame papo hapo, azime injini, ashuke atazame mkanda. Neno hili ningependa kila kijana ajifunzaye udereva katika gari la baba yake au la parokia alijue kabla ya kujua kubadili gea.

Kitaa cha kijani ni cha oili. Nyuma, kwenye injini, mna swichi ndogo yenye kiwambo ndani. Presha ya oili ikiwa juu, kiwambo husukumwa na taa huzimika. Presha ikishuka chini sana, taa huwaka. Chini kiasi gani? Swichi hiyo imetengenezwa iwashe taa presha inapokuwa kati ya pauni 2 na 6 hivi kwa inchi mraba. Sasa linganisha: vitabu vya ufundi vya gari hili vinasema kwamba oili ikiwa na joto la digrii 70 na injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, presha inatakiwa kuwa pauni 42, na ikifika 28 injini imechakaa kiasi cha kufunguliwa. Yaani katika mwendo wa kawaida presha yaweza kushuka kutoka 42 hadi 28, hadi 20, hadi 10, beringi zikiliwa siku zote hizo, na taa ya kijani ikawa imezimika kimya. Taa hiyo ni kama mlinzi apigaye kelele mwizi akiisha kutoka na mzigo. Geji ni mlinzi asemaye: mbwa wanabweka kule bondeni, angalieni.

Tena liko jambo la silinda namba tatu. Ukilitazama gari kama dereva alivyoketi, silinda hiyo ni ya kushoto, ile ya mbele. Katika injini za kabla ya mwaka 1970 hivi, kile kipozaji cha oili kimesimama juu ya upande huo, kikiziba njia ya hewa, na hewa ifikayo hapo imekwisha kupashwa moto na oili. Basi namba tatu huwa na joto kuliko wenzake. Wenye kiwanda waliliona jambo hili, na katika magari ya mwaka 1971 walikitoa kipozaji katika njia hiyo wakakijengea chumba chake chenye hewa yake. Magari ya zamani yalibaki vile vile. Ndiyo maana mafundi wengi, wakisikia Volkswagen ya zamani imekata valvu, huuliza habari ya namba tatu kwanza.

Karibu na misheni yetu yuko mwalimu mmoja mstaafu mwenye Volkswagen 1500 ya mwaka 1967, yenye umeme wa volti 12. Gari hilo ndilo wanalolikimbilia majirani mtoto akiugua usiku au mama akishikwa na uchungu. Miaka miwili iliyopita, akipanda Kanaba kutoka Kisoro kwenda Kabale, ndani akiwa na mama mjamzito na jamaa zake wawili, valvu ya kutolea moshi ya silinda namba tatu ilikatika, na kipande chake kikaanguka juu ya pistoni. Injini ilipiga kelele kama debe la mawe, ikasimama. Lori la viazi lililokuwa likija nyuma lilimchukua yule mama, naye alijifungua salama. Walakini mzee aliuza mtamba wake ili kununua kichwa cha silinda, pistoni na vitu vingine kutoka Kampala, na gari lilikaa juu ya matofali kwa miezi minne. Katika miezi hiyo wagonjwa walibebwa kwa machela mpaka barabarani. Taa ya kijani haikuwaka hata mara moja kabla injini haijafa, wala ile nyekundu. Kwa jinsi gari lilivyoundwa, dereva hakuwa na njia ya kujua.

Injini ilipokuwa tayari, mzee alisema hataiweka tena barabarani bila geji. Hapo yalizuka mabishano makubwa. Fundi aliyemfungia injini ni mtu mzima mwenye sifa nyingi, na yeye hakupenda. Alisema kwamba ameziendesha na kuzitengeneza gari hizi maisha yake yote kwa masikio na pua. Kwamba sindano nyingi mbele ya macho humtia dereva hofu bure, akasimama njiani pasipo ubaya wowote. Na kwamba kila tundu jipya katika injini ni mahali papya pa kuvuja. Maneno haya si ya kupuuzwa. La kwanza sikubaliani nalo, kwa sababu sikio husikia beringi iliyokwisha kulika, halisikii oili iliyofika digrii 125. La pili na la tatu yana kweli ndani yake, na karibu yote nitakayoeleza hapa chini ni namna ya kuyajibu.

Mwenye fedha za geji moja tu anunue ipi? Wengi husema ya presha. Mimi nasema ya joto la oili, kwa gari hili. Joto ndilo chanzo na presha ndiyo matokeo; joto likipanda dereva ana dakika kadhaa za kufanya jambo, lakini presha ikianguka ghafula hana ila kuzima. Tena kwa presha anayo taa, ingawa ni mlinzi mzito wa usingizi. Ya pili na iwe presha, na ya tatu joto la kichwa cha silinda. Geji ya volti ni nzuri kwa mwenye nafasi: injini ikienda, betri ya volti 12 huonyesha kati ya 13.8 na 14.4, na ile ya volti 6 nusu yake. Ila ampea mita siishauri hata kidogo katika gari la kale, maana umeme wote wa gari hupitishwa ndani yake kwa waya nene mpaka dashibodi, na waya hiyo ikichubuka na kugusa bodi, moto huanza karibu na magoti ya dereva.

Mzee alichagua zile tatu. Fundi, baada ya kunung'unika, alikubali kuzifunga mwenyewe, maana alisema kama lazima zifungwe, afadhali zifungwe na mtu anayezichukia, atakuwa mwangalifu. Wanafunzi watatu wa kidato cha juu tuliruhusiwa kushika taa na spana siku mbili za Jumamosi.

Jambo la kwanza kabla ya kununua ni kutazama volti. Magari mengi ya kabla ya 1967 yana umeme wa volti 6, na geji ya volti 12 haifai humo. Jambo la pili ni kwamba geji na kipimaji chake, yaani kile kipande kinachofungwa kwenye injini, ni kama kufuli na ufunguo. Vipimaji vya presha vya VDO, kampuni ya Ujerumani iliyotengeneza hata saa za mwendo za Volkswagen, huwa na ukinzani wa omu 10 presha ikiwa sifuri, na omu 180 presha ikiwa juu kabisa. Vile vya desturi ya Kimarekani huanza na omu 240 kwa sifuri na kushuka mpaka 33. Ukichanganya geji ya huku na kipimaji cha kule, sindano itakwenda kinyumenyume: injini ikifa itasema ni nzima. Kwa hiyo nunua vyote viwili mahali pamoja, na vya jina moja.

Ziko pia geji za presha zisizotumia umeme, ambazo oili yenyewe hupita katika kibomba chembamba mpaka nyuma ya geji. Katika gari lenye injini mbele ni kitu cha kuaminika. Katika Volkswagen kibomba hicho kingepaswa kutembea toka nyuma hadi mbele kikipita chini ya abiria, na kikikatika oili ya moto humwagika ndani. Ya umeme ni bora.

Tulianza na joto la oili. Pako mahali pawili pa kuweka kipimaji. Wengine hukiweka chini kabisa, badala ya nati ya kumwagia oili. Hapo hupima vizuri, lakini chini ya gari ndipo mawe yanapopiga, na katika njia zetu za vijijini jiwe moja laweza kukivunja na kumwaga lita zote mbili na nusu katika mita chache. Sisi tulitumia aina inayokaa mahali pa kijiti cha kupimia oili: ni kijiti kilekile, ila ncha yake ina kipimaji na juu kinatoka waya. Haihitaji tundu jipya wala spana, na ikiharibika unarudisha kijiti cha zamani na safari inaendelea. Hakikisha tu urefu wake umelingana na wa kijiti cha asili, ili ncha izame katika oili isitundikwe hewani. Na kile cha asili kihifadhi ndani ya gari, usikitupe.

Presha ndiyo iliyotutoa jasho. Swichi ya taa iko upande wa kushoto wa distribyuta, na tundu lake lina uzi wa milimita 10 uliochongwa kuchongoka kidogo, ili ukazwe wenyewe bila washa. Bodi ya injini hii ni ya mchanganyiko wa magnesi, metali nyepesi na dhaifu. Mtu akikaza kwa nguvu za lori, hupasuka, na bodi iliyopasuka hapo ni hasara kuliko geji mia. Basi fundi alikaza kwa vidole, kisha kwa spana fupi kidogo kidogo.

Kipimaji cha presha ni kikubwa kama kopo dogo la maziwa, tena kizito. Wengi hukifunga moja kwa moja juu ya kiungo cha shaba ya njano kilichotoka kwenye tundu lile dogo. Injini inatikisika siku zote, kopo linachezacheza, na siku moja kiungo kinakatika. Oili huruka nje yote kwa nguvu ya pampu. Hili ndilo lile neno la fundi kuhusu tundu la kuvujia, na jibu lake ni mpira wa oili. Tulifunga mpira mfupi uliosukwa waya toka kwenye tundu, na kipimaji tukakibana kwa kibano ukutani, katika bati la chumba cha injini, mahali pasipo karibu na ekzosi wala mkanda. Lakini kumbuka: kipimaji hurudisha umeme wake kwa kugusa injini. Kikining'inizwa kwenye mpira, kimekatwa na bodi, nacho hakitasema lolote mpaka ukifungie waya wa kurudi kwenye metali iliyosuguliwa rangi. Vivyo hivyo, anayekifunga moja kwa moja asizungushe utepe wa mafundi bomba katika uzi wake, asije akazuia umeme.

Je, taa ya kijani ikatwe? Hasha. Viko vipimaji vyenye miguu miwili, mmoja umeandikwa G kwa ajili ya geji, na mmoja WK kwa ajili ya taa. Dereva hawezi kutazama sindano kila wakati, hasa usiku penye ng'ombe barabarani. Taa humwita jicho.

Ya tatu ni ya ajabu kidogo, na mwalimu wetu wa fizikia alikuja mwenyewe kuitazama. Kipimaji cha joto la kichwa ni pete ya metali inayokaa chini ya plagi, na toka kwenye pete zinatoka waya mbili za metali mbalimbali. Mwaka 1821 Thomas Johann Seebeck aliona kwamba metali mbili zikiungwa kuwa duara, na kiungo kimoja kikipashwa moto, sindano ya dira iliyo karibu hugeuka. Ndio umeme uliozaliwa na joto lenyewe. Basi geji ya namna hii haina haja ya betri. Joto la plagi ndilo linalosukuma sindano yake. Umeme wenyewe ni mdogo mno, kwa hiyo urefu wa waya umepimwa pamoja na geji kiwandani. Ukiona zimezidi, zikunje na kuzifunga pembeni. Usizikate wala kuziunga kwa waya wa kawaida, maana sindano itasema uongo. Pete hiyo tuliiweka, bila shaka, chini ya plagi ya namba tatu, badala ya washa ya plagi. Kisha fundi alihakikisha kwamba ule mpira wa plagi umeziba tundu lake katika bati kama kwanza, kwa sababu upepo wa feni ukipata mahali pa kutorokea hautapita kwenye mapezi, na geji ingekuwa imeleta joto inalolipima.

Waya za vipimaji viwili vya kwanza zilipita katika tundu lenye pete ya mpira, zikafuata njia ya waya za asili mpaka mbele. Kiti cha nyuma kilipoinuliwa tulitazama betri, maana katika gari hili betri hukaa chini ya kiti, na chemchemi za kiti zikigusa vichwa vyake hutoa cheche. Kifuniko cha mzee kilikuwa kimeoza, tukaweka kipya cha mpira. Umeme wa geji ulichukuliwa mahali panapopata umeme pale tu ufunguo unapofunguliwa, kwa kupitia fyuzi yake ndogo. Dashibodi ya bati hatukuitoboa. Bati lile ni la mwaka 1967 na halirudi likikatwa; tulitengeneza bamba lenye matundu matatu, likafungwa chini yake kwa skrubu mbili zilizokuwako.

Kabla ya kuamini sindano, zijaribu. Kipimaji cha joto la oili tulikitumbukiza katika sufuria ya maji yanayochemka, nacho kimefungwa waya, pamoja na waya wa kukiunganisha na bodi. Mwenzangu alishangaa kuona sindano haifiki 100, akataka geji irudishwe dukani. Lakini huku kwetu tuko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na maji huchemka kwenye digrii 93 au 94. Sindano ilisimama hapo hapo, ikasifiwa. Jambo jingine la kukumbuka, kwa geji za namna ya VDO, ni kwamba waya wa presha ukikatika sindano hupanda mpaka mwisho, na waya wa joto ukikatika sindano hulala chini. Kwa hiyo presha nzuri mno na joto dogo mno si habari njema. Shuka ukatazame waya.

Sasa habari ya hofu. Injini ikiwa ya moto na gari limesimama likinguruma polepole, presha hushuka sana, pengine pauni 8 au 10, na dereva mgeni hutetemeka. Hapana ubaya. Mafundi wana kipimo chepesi: pauni 10 kwa kila mizunguko 1,000 ya injini. Joto la oili kati ya digrii 80 na 110 ni la kawaida. Likipita 120 punguza mwendo, na lisiposhuka simama. Kwa joto la kichwa sitaandika namba, kwa sababu hutofautiana kwa jinsi pete ilivyokaa. La maana ni kujua gari lako mwenyewe lasomaje siku ya kawaida, na kushtuka likizidi hapo. Mzee ana daftari la kurasa 48 katika mfuko wa mlango, ambamo kila safari huandika namba tatu: bondeni, katikati ya mlima, na kileleni.

Daftari hilo ndilo lililotufundisha jambo ambalo hata fundi hakulitazamia. Katika safari ya kwanza ya Kanaba mzee alipanda kwa gea ya tatu, akikanyaga eksileta mpaka chini, kwa mwendo wa pole, kama alivyozoea siku zote, akidhani hivyo anaihurumia injini. Oili ilipanda ikafika 118, na sindano ya kichwa ikazidi kupanda nyuma yake. Fundi, aliyekuwa amekaa kando, alimwambia aingize gea ya pili. Injini ikapiga kelele zaidi, mzee akakunja uso. Lakini baada ya kona mbili au tatu sindano ya kichwa ilianza kurudi, na baadaye ile ya oili ikashuka mpaka 108. Sababu yake ni ile ya mkanda: feni huzunguka kwa kadiri injini inavyozunguka. Katika gea kubwa mlimani, injini hubeba mzigo mzito huku ikizunguka polepole, na upepo ni mdogo wakati joto ni jingi. Katika gea ndogo mzigo wa kila pigo hupungua na upepo huongezeka. Miaka yote hiyo silinda namba tatu ilikuwa ikichomwa kwa huruma.

Tangu hapo gari limepanda Kanaba mara nyingi, mara nne likiwa na wagonjwa. Kila baada ya kilomita 5,000, oili inapobadilishwa, fundi huukagua ule mpira kwa kidole kuona kama umepasuka au unalowa, hukaza vibano, na husugua mahali waya wa kurudi unapogusa bodi. Mwezi uliopita alimwuliza mzee kama lile duka la Kampala bado lina pete nyingine ya plagi, maana analo gari lake mwenyewe nyuma ya nyumba, la mwaka 1965, naye angependa kujua namba tatu yake ikoje. Mzee alimjibu kwamba gari hilo ni la volti 6. Fundi akasema anajua, na ndiyo maana ameuliza ile isiyohitaji betri.